Uwatu juu ya kanga kuukuu: mboga chipukizi ndani ya nyumba, bila udongo

Nakaa ghorofa ya tatu, Upanga, Dar es Salaam, na kibaraza changu kinatosha ndoo mbili na kamba ya kuanikia nguo. Udongo sina, na hata ningeupata, nani angeupandisha ngazi zote hizo? Hata hivyo kila baada ya siku tisa au kumi navuna sinia la majani mabichi juu ya kabati la vyombo, na mtaji wake ni uwatu wa duka la viungo, kipande cha kanga iliyochoka, na maji.

Wengine wanaziita maikrogrini. Mimi nasema mboga chipukizi: miche inayokatwa ikiwa na majani yake mawili ya mwanzo, kabla jani halisi halijafunguka. Si kimea. Kimea tunakijua tangu kwa bibi zetu, ulezi unalowekwa, unafunikwa hadi uchipue, unaanikwa, unasagwa, togwa inapatikana. Wala si zile choroko zilizochipua ambazo huliwa nzima pamoja na mzizi. Hapa unakata shina juu kidogo ya kitambaa; mzizi na ganda vinabaki chini.

Udongo hauhitajiki kwa sababu mbegu imetoka kwao na masurufu yake. Chakula kilichomo ndani kinaitosha kwa siku kumi hivi, kwa hiyo mbolea haina kazi hapa. Inachotaka ni maji, hewa, joto, na baadaye mwanga. Kitambaa ni mahali pa mizizi kushika tu. Na wengi ninaowaona wakishindwa hawakushindwa kwa kusahau kumwagilia, walimwagilia mno. Mbegu iliyozama haipumui, na isiyopumua inaoza. Ukilishika hilo, mengine yote ni utaratibu.

Hatua ya 1: Mbegu

Hapa usiwe na haraka, maana makosa mengi huanzia dukani.

Usinunue mbegu za kupanda shambani. Hizo mara nyingi zimepakwa dawa ya kuvu au ya wadudu, ndiyo sababu utaziona nyekundu, za waridi, za kijani au za buluu. Shambani dawa hiyo inafanya kazi yake, mmea unakua miezi kadhaa ndipo uvunwe. Wewe unakwenda kuula mche wa siku nane. Mara yangu ya kwanza nilinunua figili za pakiti, nikadhani ule wekundu ni urembo wa kampuni. Nilipoziloweka maji yakawa kama sharubati ya rozela. Nilizimwaga zote. Ikiwa ni lazima ununue za pakiti, soma maandishi mpaka uone kwamba hazikutiwa dawa, usipoona, acha.

Njia rahisi ni kwenda kwa wauza viungo na nafaka, wanaouza mbegu kama chakula. Pale utapata uwatu, haradali, giligilani, choroko, njegere kavu. Alizeti yenye maganda, ile nyeusi ndogo ya kukamulia mafuta, utaipata kwa watu wa mashine au kwa ndugu anayetoka Singida au Dodoma. Mchicha nafaka unauzwa na wanaouza unga wa lishe, ila hakikisha haujakaangwa. Choroko zilizokobolewa na njegere zilizopasuliwa hazioti. Kiini cha kuota kimeshaharibika.

Anza na uwatu. Ni rahisi, uko kila mahali, unaota karibu wote, na hauchagui chombo. Hata ukikosea, umepoteza vijiko viwili.

Kabla ya kusia sinia zima, jaribu mbegu 20. Zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, weka juu ya sahani, funika. Baada ya siku tatu zihesabu. Zikiota 17 au zaidi, endelea. Zikiota chini ya 14, zirudishe jikoni ziwe za achari, kwa sababu mbegu mfu haikai kimya ndani ya sinia. Inakuwa chakula cha ukungu, na ukungu ukishashiba pale unahamia kwa jirani mzima.

Sasa zile za kuepuka, na hapa sitanii. Maharage mabichi yana sumu inayotapisha, na kuchipua hakuiondoi. Yanataka kuchemshwa sawasawa. Miche ya nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo isiliwe. Mtama pia: wafugaji wanajua kwamba ng'ombe akilishwa mtama mchanga anaweza kufa, kwa sababu machipukizi yake hutoa sayanidi. Mtama ukikaushwa na kusagwa kwa kimea ni jambo jingine kabisa; usiukate ukiwa kijani ukautia kwenye kachumbari.

Hatua ya 2: Vyombo

Unahitaji vyombo viwili vya plastiki vinavyoingiana, vifupi, kina cha sentimita 4 au 5 kinatosha. Vile vyombo vya biriani vya kubebea vinafaa sana. Kimoja kitoboe chini vitundu kama 20 kwa msumari uliopashwa moto; ndicho kitakachobeba kitambaa. Kingine kikae chini yake, kiwe cha kushika maji. Kipimo ninachotumia humu ni chombo chenye upana na urefu wa sentimita 25. Chako kikiwa nusu, tia nusu.

Kitambaa kiwe cha pamba. Kanga kuukuu ni bora kuliko mpya, maana imeshafuliwa mara mia, rangi imekwisha kuchuja na nyuzi zimelainika zinanywa maji. Ikunje mara mbili. Ichemshe dakika kumi kabla ya kila mzunguko. Karatasi nene za jikoni nazo zinafaa, tabaka tatu au nne, na baada ya mavuno unazitupa. Kwa mbegu ndogo kama mchicha mimi hupendelea karatasi, kwani mizizi yake ni dhaifu.

Watu wa pwani wataniuliza kuhusu usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Unafaa, tena unashika maji vizuri na bado unapitisha hewa. Lakini uoshe. Makumbi ya nazi yana chumvi yake, na yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, kama wafanyavyo akina mama wa Jambiani na Paje kule Unguja, yamelala kwenye maji ya bahari kwa miezi. Loweka kwenye maji baridi, kamua, rudia mara tatu au nne mpaka ukionja maji yasiwe na chumvi.

Chumvi hiyo hiyo ndiyo tatizo la maji ya visima vingi vya Dar es Salaam. Kama maji yako hayatoi povu la sabuni na chai yake ina ladha ya magadi, usiyatumie. Mche mchanga ukinyweshwa chumvi unakauka ncha huku umesimama kwenye maji. Ya bomba ni sawa. Yakinuka dawa, yaache wazi kwenye ndoo usiku mmoja.

Hatua ya 3: Kuosha na kuloweka

Chambua kwanza kwenye ungo, toa mawe, mbegu zilizovunjika na takataka. Kisha osha kwenye chujio mpaka maji yatoke meupe.

Niseme kwa nini nasisitiza usafi. Mwaka 1996 mjini Sakai, Japani, watoto wa shule maelfu waliugua kwa bakteria wa E. coli, na chakula kilichoshukiwa kilikuwa chipukizi za figili. Mwaka 2011 nchini Ujerumani watu zaidi ya 50 walifariki na karibu 4,000 waliugua. Uchunguzi uliishia kwenye chipukizi za uwatu. Uwatu na figili, hizi hizi tunazozizungumzia. Zile za Ujerumani zilikuwa chipukizi za kuliwa na mzizi wake, zinazokuzwa kwenye unyevu na joto bila hewa ya kutosha, na kwetu hatari inapungua kwa sababu tunakata juu. Inapungua, haiishi. Basi nawa mikono, tumia maji unayoweza kuyanywa, na sinia likinuka vibaya usilihurumie. Mama mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa mpikie, asile mbichi. Uwatu wenyewe, mjamzito na anayetumia dawa za kisukari waulize kwanza daktari, maana una nguvu zake.

Loweka uwatu saa 8 hadi 12, yaani jioni mpaka asubuhi, kwenye maji mara tatu ya ujazo wake. Vijiko viwili vya chakula vilivyojaa vinatosha sinia moja. Asubuhi utaukuta umevimba na kuvaa ute. Usuuze mpaka utelezi upungue, la sivyo mbegu zitashikana mabonge na katikati ya bonge hakuna hewa.

Haradali haiwekwi majini kabisa, wala mchicha. Haradali ina ute mwingi. Ukiiloweka utaishia na uji. Inanyunyizwa kavu juu ya kitambaa kibichi. Alizeti na njegere zinalowekwa usiku kucha kama uwatu.

Hatua ya 4: Kusia

Lowesha kitambaa, kikamue kwa mkono mmoja, kitandaze ndani ya chombo chenye vitundu. Kiguse kwa kidole: king'ae, lakini kisifanye dimbwi. Sambaza mbegu ziwe tabaka moja, zikaribiane, zisipandane. Mkono wa mpishi wa mandazi unaonyunyiza unga mezani ndio mkono unaotakiwa.

Vipimo vya sinia la sentimita 25 kwa 25: haradali kijiko kimoja cha chakula kisichojaa, figili kijiko kimoja na kidogo, mchicha kijiko kimoja cha chai, alizeti gramu 60, njegere gramu 110 hivi. Tamaa ya kujaza ipo, naijua. Mbegu zikibanana hewa haipiti kati ya mashina, na kwenye joto letu hilo ndilo shimo la ukungu.

Hatua ya 5: Giza na uzito

Funika mbegu kwa karatasi yenye unyevu, juu yake weka chombo kingine, na ndani ya chombo hicho weka kitu kizito. Kwa uwatu pakiti ya sukari ya kilo moja inatosha. Alizeti inataka kilo tatu au nne. Mimi naweka kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu. Kwa haradali na mchicha usiweke uzito, funika tu.

Kwa nini kuzikandamiza? Mzizi mchanga ukikosa kinachousukuma chini unainua mbegu juu badala ya kuingia kwenye kitambaa. Uzito unaulazimisha kushika, na mashina yanatoka manene, yamelingana. Kwa alizeti uzito unasaidia pia ganda livuke.

Siku mbili au tatu. Asubuhi na jioni fungua, angalia, nyunyiza maji manyunyu tu, kama unavyonyunyizia nguo ya kupiga pasi. Usimimine. Weka mahali penye kivuli. Kwangu siku za Januari jikoni panapika, kwa hiyo sinia linahamia chumbani chini ya kitanda. Joto la nyuzi 20 hadi 25 linazifaa nyingi. Mchicha peke yake ndio unaofurahia joto la Dar.

Siku ya pili au ya tatu utaona manyoya meupe kuzunguka mizizi na moyo utashtuka. Usitupe. Nyunyiza maji: manyoya yakilala na kupotea, ni vinyweleo vya mizizi, dalili ya afya. Ukungu wa kweli hautii maji, unatambaa kama utando wa buibui kutoka mbegu hadi mbegu, na una harufu ya stoo iliyofungiwa. Ukiuona kwenye kona moja, usijaribu kuokoa upande wa pili. Tupa sinia zima, chemsha kitambaa, anza upya.

Hatua ya 6: Mwanga

Miche ikifika sentimita 3 hivi, ya njano na imeinamisha vichwa, ondoa uzito na kifuniko. Usiipeleke juani moja kwa moja. Ilitoka gizani, itababuka. Weka karibu na dirisha lenye mwanga mwingi usio na jua la mchana. Kesho yake utaikuta kijani. Ikipinda kuelekea dirishani, zungusha sinia asubuhi na jioni.

Kama nyumba ina giza, balbu mbili za LED nyeupe za kawaida zinatosha, zining'inie sentimita 20 juu ya miche, ziwake saa 12 hadi 14 kwa siku. Taa za zambarau zinazouzwa kwa bei ya kuruka si za lazima. Umeme ukikatika siku moja hakuna litakaloharibika, miche itarefuka kidogo tu ikiutafuta mwanga.

Hewa ni muhimu kuliko taa. Pangaboi la sebuleni likizunguka taratibu linatosha. Wakati wa masika, nguo zenyewe zinapokataa kukauka, mimi napunguza mbegu kwa robo na kuacha kabisa kufunika baada ya siku ya pili.

Hatua ya 7: Maji kutoka chini

Kuanzia sasa acha kunyunyizia majani. Inua chombo cha juu, mimina vijiko vinne vya chakula kwenye chombo cha chini, rudisha. Kitambaa kitanywa chenyewe. Baada ya nusu saa, maji yaliyobaki yamwage. Kipimo cha kila siku ni mkono: sinia likiwa jepesi lina kiu, likiwa zito liache. Siku ya joto kali huenda likataka mara mbili.

Sisimizi watakuja. Kwa haradali na mchicha wanabeba mbegu usiku mmoja na asubuhi unakuta kitambaa kitupu. Jambo hili lilinitokea nikamshuku mtoto wa jirani. Dawa yake ni kuweka sinia juu ya bakuli lililopinduliwa katikati ya sahani ya maji.

Hatua ya 8: Kuvuna

Uwatu huwa tayari siku ya 8 hadi 10. Figili siku ya 6 hadi 8, haradali ya 7 hadi 10, alizeti na mchicha ya 8 hadi 14, njegere kama wiki mbili. Giligilani inakutaka subira ya wiki tatu, na mbegu zake uzivunje nusu kwa kuziviringishia chupa kabla ya kuloweka.

Tarehe isikuongoze kuliko macho. Majani mawili ya mwanzo yakifunguka kabisa, na lile la tatu likianza kuchungulia, kata. Uwatu ukichelewa unakuwa mchungu wa kumkimbiza mgeni, na alizeti inaota vinywele na kukereketa kooni. Vuna asubuhi kabla ya joto, sinia likiwa halijamwagiliwa tangu jana, kwa mkasi mkali uliooshwa, sentimita moja juu ya kitambaa. Maganda ya alizeti yaliyong'ang'ania yapanguse kwa kiganja jioni ya kabla ya kuvuna.

Osha utakazokula sasa hivi tu. Zilizobaki ziweke friji zikiwa kavu, kwenye kopo lenye karatasi ya jikoni chini na juu. Zinakaa siku tano bila kulegea. Zikioshwa kwanza, siku ya pili zinateleza.

Mimi naweka uwatu kwenye kachumbari badala ya kotmiri, na haradali juu ya mayai, maana inawasha vizuri. Alizeti ina ladha ya karanga, watoto wanaitafuna kavu kavu. Njegere naiangushia kwenye wali wa moto dakika ya mwisho. Watu watakwambia chipukizi zinashinda mboga kubwa mara 40 kwa vitamini. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland na Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima aina 25, na ni kweli nyingi zilikuwa na vitamini nyingi kuliko majani yaliyokomaa, ila zilitofautiana sana aina kwa aina. Na konzi ya chipukizi ina gramu 20, bakuli la mchicha wa nazi lina 200. Usiache mchicha.

Baada ya kukata, uwatu, haradali na alizeti hazioti tena. Njegere inaota mara ya pili ukiacha kifundo cha chini chenye kijani, ingawa mavuno hayo ni haba. Ng'oa zulia la mizizi, fua kanga kwa sabuni, chemsha, anika juani. Ukitaka zisikatike nyumbani usisie yote siku moja: mimi nasia sinia moja Jumapili jioni na jingine Alhamisi, na ile mizizi inakwenda kwa kuku wa mlinzi wetu, ambaye siku hizi ananiuliza mwenyewe kama nimeshavuna.